Kumnyima Baba Mdogo Magoti

Baba yangu mdogo hukohoa kabla hajafika. Si ugonjwa. Ni kikohozi cha mwenye nyumba, kifupi na kikavu, mara mbili, cha kuwaambia waliomo ndani wajiweke sawa. Niliishi na kikohozi hicho miaka miwili nilipokuwa mtoto kule Kasense, na baada ya hapo kikaishi ndani ya magoti yangu kwa zaidi ya miaka thelathini. Kikisikika tu, viganja vyangu vinakutana, magoti yanakunjika, na mimi niko chini napiga makofi kabla sijakumbuka kwamba mtu huyu namchukia.

Nimesema namchukia, na sitafuti neno laini zaidi. Wapo watu waliosamehe, nao wanapenda sana kutuhubiria sisi tuliobaki nyuma. Wanajumuiya wenzangu wamenisemesha mpaka wamechoka. Kila mmoja na msalaba wake, na wangu una ndevu nyeupe na koti la kijivu.

Sisi Wafipa tunaamkiana kwa makofi. Mwanamke anashuka, anakunja viganja kidogo, anapiga polepole, na mkubwa anaitikia kwa makofi yake. Wageni wakiona wanasifu, na wana haki ya kusifu. Sina ugomvi na makofi. Nina ugomvi na namna nilivyofundishwa kumpigia yeye.

Baba alipokufa nilikuwa na miaka kumi na moja, mtoto pekee wa nyumba ile. Rangi ya msalaba wa kaburi haijakauka vizuri, mdogo wake akaja na wazee wawili wa ukoo, wakakaa sebuleni kwetu, wakamwambia mama kwamba nyumba na mashamba ni vya ukoo, naye arudi kwao upande wa Laela. Mtoto angebaki, maana mtoto pia ni wa ukoo. Mama aliondoka na furushi kichwani. Hakwenda Laela. Alipanga chumba Mazwi, mjini, akaanza kupika pombe ya ulezi na kuuza, apate kuwa karibu na mimi. Baba mdogo na mkewe wakahamia kwetu wiki ile ile, wakalala kwenye kitanda chetu.

Hapo ndipo somo langu lilipoanza. Kila alipotoka shambani, kikohozi kilisikika uani, nami nilitakiwa niwe nimeshafika mlangoni na kushuka. Sahani yangu ya ugali iliwekwa chini, karibu na miguu yake. Makofi yakiwa hafifu au ya haraka, alisema neno moja: "Rudia." Nilirudia. Alisikiliza ameinamisha kichwa kama mtu anayeonja chumvi kwenye mboga. Yakimridhisha, alisukuma sahani kwa kidole cha mguu. Siku za mwanzo nilirudia mpaka ugali ukapoa, na ugali wa ulezi uliopoa si chakula tena, ni kazi. Baadaye nikajua sauti anayoitaka, nikawa nakula ukiwa bado na moto. Hakuwahi kunipiga hata kofi moja, na jambo hilo hulitaja kwa fahari mpaka leo.

Mama alikuja kunichukua baada ya miaka miwili, akiwa na katekista. Baba mdogo hakubisha. Mwaka ule ilikuwa niende sekondari, naye hakuona sababu ya kunisomesha. Mama akanisomesha kwa pombe ya ulezi, debe kwa debe, mpaka nikawa mwalimu.

Kumbe kutoka kwake si kutoka mikononi mwake. Ukoo ni ukoo. Kuna ubatizo, kuna misiba, kuna harusi, kuna misa za shukrani. Kila nilipokutana naye mbele ya watu alikohoa, nikashuka, naye akawageukia waliokaa karibu. "Mnaona mtoto huyu anavyoshuka? Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sasa ulimwengu wa huyu ni mimi." Watu wakacheka. Nami niko chini, viganja vimekutana, nikimsikiliza anavyomvua mama yangu nguo kwa kutumia magoti yangu.

Mama mwenyewe hakuwepo kusikia. Tangu siku ya furushi hakukaa mahali anapokaa mtu yule. Kwenye misiba alifika mapema, akaaga maiti, akaondoka kabla wakubwa hawajafika. Ukimuuliza, anasema ana mambo nyumbani. Lakini maneno yalimfikia. Mji huu ni mdogo, na wanawake waliokuja kununua pombe walikuwa na midomo.

Mimi nafundisha kitengo cha elimu maalumu katika shule moja ya msingi hapa mjini. Chuoni tulifundishwa kuichambua tabia. Mtoto akijipiga kichwa ukutani, usimuulize ana pepo gani. Chukua daftari, chora safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Andika wiki tatu bila kuingilia. Tabia haidumu bure, kuna mahali inapopata mlo. Ukipajua mahali hapo, funga jiko. Nimewafundisha watoto wengi kwa njia hiyo kuvaa viatu, kuomba maji, kuacha kujiuma. Haikunijia akilini kwamba mimi mwenyewe ni mwanafunzi wa mtu.

Siku moja nilikuwa dukani nanunua dawa ya mafua. Mzee mmoja nisiyemjua alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, akakohoa mara mbili. Magoti yangu yakalegea. Nilishika meza ya kaunta, muuzaji akadhani nataka kuzimia, akaniletea kiti. Nilikaa kwenye kile kiti na hasira yangu. Sikuwa nimemwona baba mdogo wala kusikia jina lake. Ilikuwa ni kikohozi tu cha mzee wa watu.

Jioni ile nikachukua daftari la darasani nikachora safu tatu, na juu nikaandika jina langu. Kilichotangulia: kikohozi, mara mbili. Nilichofanya: mikono, kisha magoti. Kilichofuata: nikaacha wazi kidogo, halafu nikaandika ukweli. Anatabasamu. Anawageukia watu. Anamtukana mama. Nilikuwa nimehesabu miaka yote kwamba yeye ndiye aliyekuwa akinilisha mimi, kwa sahani ile. Kumbe tangu nilipoondoka kwake mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha, na alikuwa amenenepa.

Ilikuwa Kwaresima. Wengine wanaacha nyama, wengine pombe. Mimi nikaamua kuacha kumpigia magoti baba mdogo, na sikufanya hivyo kwa ajili ya Mungu. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo lilikuwa limeshatangazwa kwamba mwezi wa nane, baada ya mavuno, yeye na mkewe watafanya jubilei ya miaka hamsini ya ndoa. Ukoo mzima utapita mbele yao kuwaamkia, familia baada ya familia. Nikasema, hapo. Atakohoa mbele ya ukoo mzima, nami nitasimama wima kama mlingoti, na mama yangu atakuwepo aone.

Hiyo ndiyo tuzo niliyojiwekea. Kitabu cha chuoni kinasema tuzo iwe kitu unachokitaka kweli, na mimi sikutaka kitenge wala saa. Nilitaka uso wa mama nikisimama.

Mume wangu ni mtu wa Mbeya, mtumishi wa halmashauri, mpole mpaka anakera. Nilimvisha koti, nikampa kofia, nikamwambia apite nyuma ya nyumba, akohoe mara mbili, halafu aingie.

"Nikohoe kwa hasira au kawaida?" akauliza.

"Kwa majivuno."

"Sisi kwetu hatuna kikohozi cha majivuno, mama."

Akajifunza. Alipoingia mara ya kwanza nilishuka mpaka chini, akaangua kicheko, nikamfukuza na koti lake. Tukaanza upya, hatua ndogo ndogo, kama ninavyofanya darasani. Niligundua kwamba mikono ndiyo inayotangulia, magoti yanafuata mikono. Basi nikaishikisha mikono kazi: kikapu mkono huu, kitabu cha nyimbo mkono ule. Mikono ikishindwa kukutana, magoti yanabaki yameduwaa, hayajui yaanze na nini. Kila nilipobaki nimesimama, mume wangu alinipa karanga moja ya kukaanga kutoka kwenye kopo. Nikishuka, sipati kitu. Alilitunza kopo lile kwa uaminifu wa mtunza ghala, na nikiiba alinipokonya.

Baada ya wiki kadhaa nikaweka kikapu chini. Baadaye kitabu. Nikawa nasikia kikohozi, nahamishia uzito kwenye visigino, navuta pumzi, nasema "Shikamoo" huku nimenyooka. Tukatoka nje. Nilimsogelea baba mdogo mwenyewe kwa mbali, kanisani, upande wa pili wa uwanja, alipokuwa akikohoa kwa ajili ya watu wengine. Nilisimama. Nilikula karanga zangu peke yangu nyuma ya mnara wa kengele, nikiwa na furaha ambayo sikumwambia padri.

Kosa la kwanza liliingia na baridi ya mwezi wa saba. Mwezi wa saba katika nchi hii ya juu kila mzee anakohoa. Mama mkwe wangu alikuja kututembelea kutoka Mbeya, akashuka kwenye basi amejifunga mashuka mawili, akakohoa. Nami, badala ya kuinama na kumpokea mzigo, nikahamishia uzito kwenye visigino, nikanyooka, nikamsalimia kama askari getini. Mama mkwe akaniangalia kuanzia juu mpaka chini. Nyumbani nikamsikia akimuuliza mwanawe, "Mkeo ana nini magotini? Mmempeleka hospitali?"

Ikatokea tena kwa katekista, yule yule aliyekuja kunichukua Kasense, sasa mzee sana. Alikohoa mlangoni kwangu, nikasimama mbele yake kama ukuta, na mzee wa watu akaomba radhi kwa kuja bila taarifa. Darasani ningelijua jambo hilo mara moja. Mtoto akifundishwa kutogusa jiko la moto huenda akaogopa kila sufuria, na mwalimu anatakiwa asimame, amfundishe kutofautisha, ndipo aendelee. Mume wangu aliniambia. "Tupumzike kidogo," alisema, "tabia imemwagika nje ya chombo." Nikamjibu kwamba nitaizoa baada ya jubilei. Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu: niliyoyakataza kwa walimu wenzangu niliyafanya mwenyewe, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kumwona mtu akiaibika.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa mama. Nilienda chumbani kwake Mazwi jioni tatu mfululizo.

"Njoo kwenye jubilei, mama. Ukae mbele."

"Mimi kule nilishamaliza, mwanangu."

"Nataka uone kitu."

"Kitu gani?"

"Utaona mwenyewe."

"Mtu huyo mwache na Mungu. Mimi nimemwacha naye siku nyingi, na sijasikia Mungu akilalamika."

Siku ya tatu nililia. Sikuwa naigiza, ingawa sikujizuia pia. Mama akapepeta ulezi wake, akasema atakuja kwa ajili yangu, si kwa ajili ya mtu mwingine. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Misa ilikuwa saa nne, na baada ya misa tukaenda uani pale, kwenye nyumba ambayo baba yangu aliijenga. Walikuwa wamefunga turubai, viti vya plastiki, spika mbili kubwa. Baba mdogo na mkewe walikaa mbele kwenye makochi yaliyotolewa ndani. Mvi zimemjaa, mgongo umeinama kidogo, lakini lile koti la kijivu lilikuwa limepigwa pasi. Mama alivaa kitenge cha kijani alichokitunza sandukuni. Hakuitazama nyumba. Aliketi pembeni yangu, mikono mapajani, akawa anaangalia magunia ya mahindi yaliyopangwa ukutani kama zawadi.

Familia zikaitwa. Watoto wake wakapita, wajukuu wakapita, wakashuka, makofi yakalia, akaitikia kwa mkono mmoja. Kisha mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti, "Sasa tunaiita nyumba ya marehemu kaka mkubwa." Nyumba hiyo ni mimi na mama. Mume wangu alikuwa amebaki nyuma, na nilipomtupia jicho alikuwa ameshika kopo la karanga kwa mikono miwili, hatabasamu.

Nilitangulia. Nilipofika hatua tatu mbele yake, akakohoa mara mbili.

Nikasimama. Mikono ilibaki ubavuni, visigino vikakaa ardhini, na magoti yangu, Mungu ni shahidi, hayakutikisika hata chembe. "Shikamoo, baba," nikasema, sauti ya kawaida, ya mtu anayepita njiani.

Hakuitikia. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Nililitegemea hilo pia. Tabia iliyozoea mlo, ikinyimwa, kwanza huongeza kelele kabla ya kufa. Akakohoa mara ya tatu, mpaka mkewe akamgusa bega akidhani amepaliwa. Nikamwangalia machoni. Uani pote vichwa vikageuka. Utamu niliousikia siwezi kuuficha, ulinishuka mpaka kwenye nyayo. Nilitamani dakika ile isiishe.

Kisha akageukia watu, kama alivyofanya siku zote. Hakupandisha sauti.

"Mnaona wenyewe," alisema. "Nilimchukua ana miaka kumi na moja nikajitahidi. Lakini kilichokosekana kwa mama yake, mimi ningekizibaje?"

Watu wakaguna. Shangazi mmoja akasema, "Kweli kabisa." Mwingine akatikisa kichwa akimtazama mama yangu.

Nilibaki pale nimenyooka, na safu ya tatu ya daftari langu ikanijia mbele ya macho. Nilikuwa nimeandika: anatabasamu, anawageukia watu, anamtukana mama. Nilidhani nikisimama safu ile itabaki tupu. Sikujiuliza hata siku moja atasema nini nikisimama. Nikishuka, ni yeye aliyenilea. Nikisimama, ni mama aliyeshindwa. Mtu yule alikuwa amejilisha pande zote mbili, nami mwalimu mzima sikuliona jiko la pili.

Nilifungua mdomo nimtukane. Nilikuwa na matusi ya kutosha, ya Kiswahili na ya Kifipa. Lakini nikasikia kitambaa kikisogea kando yangu. Mama alikuwa akishuka.

Alishuka taratibu, mkono mmoja ukishika ardhi, goti moja, kisha la pili, mpaka akakaa sawasawa kwenye vumbi mbele ya mtu aliyemtoa katika nyumba hii. Akakunja viganja, akapiga. Sijawahi kusikia makofi mazuri kama yale, mazito, yamepangwa, kila moja likisubiri mwenzake. Akamwamkia kwa Kifipa, maneno yote bila kuruka hata moja: ameamkaje, nyumba ikoje, wajukuu wakoje, mavuno yamekuwaje. Na mtu yule, kwa desturi, ikambidi aitikie yote. Akaitikia. Aliweka viganja vyake pamoja na kujibu kwa uso mlegevu, kama mtu aliyeletewa kitu alichokwisha kukata tamaa ya kukipata.

Niliinama nimshike mama kwapani, nimwinue. Akanisukuma kwa kiwiko.

"Niache nimalize," alisema chini chini. "Hawataondoka hapa wakisema sikukulea."

Akamaliza. Akasimama kwa shida, akataka kikapu chake, akamkabidhi mke wa baba mdogo kuku na kanga mbili za kujifunga alizonunua kwa pesa yake ya pombe. Watu wakapiga vigelegele. Shangazi yule yule akasema, "Huyo ndiye mwanamke." Mama akarudi kwenye kiti, akajipangusa vumbi mwenyewe, na ulipoletwa wali akala kidogo na kunihimiza na mimi nile.

Kwenye bajaji ya kurudi Mazwi alikaa na kikapu chake kitupu mapajani. Aliniuliza kama mvua itawahi mwaka huu, na kama mama mkwe wangu amepona mafua. Nikamjibu. Chuki yangu haikupungua hata kidogo, na leo pia haijapungua. Lakini kuna kitu kimoja mtu yule hakuwahi kukipata tangu siku ya furushi, kwa sheria wala kwa wazee wala kwa njaa: magoti ya mama yangu. Mimi ndiye niliyempelekea.